Kujitolea kwa ajili ya wanyama: mwenye kutoa hupata nini?

Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda, wako wakulima ambao huacha majembe yao kila wapatapo habari kwamba gorila wametoka msituni. Huvaa mabuti ya mpira, huchukua fimbo zao, nao huenda kuwarudisha wanyama hao porini bila ya kuwapiga wala kuwajeruhi. Hawana mshahara kwa kazi hiyo. Huenda siku hiyo shamba lililovamiwa si lao, na huenda siku ya pili ni lao.

Sisi tulio upande huu wa mpaka tumezoea kusikia habari za gorila kwa njia ya watalii, vibali na sherehe ya Kwita Izina inayofanyika Kinigi tangu mwaka 2005. Habari za mwanakijiji anayejitolea husikika kwa nadra. Makala haya yanaeleza kazi hiyo ilivyo katika nchi jirani, hasa Uganda, na swali ambalo wasikilizaji wengi hujiuliza kimoyomoyo: mtu anayetumia muda wake kwa ajili ya mnyama asiyemjua hata jina, yeye mwenyewe anafaidika na nini?

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Mnyama aitwaye kwa Kinyarwanda ingagi, katika makala haya tunamwita gorila. Jina la sokwe tumemwachia yule mdogo wake, ambaye Waswahili wengine humwita sokwe mtu. Tunasema hivyo kwa kuwa vyombo vya habari vya Kiswahili huwachanganya wawili hawa kila siku, na msikilizaji hubaki hajui ni yupi anayezungumzwa.

Ugonjwa uliotoka kwenye nguo kuukuu

Bwindi ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na miaka mitatu baadaye ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Utalii wa gorila ulianza huko mwaka 1993. Ili watalii waweze kuwaona, makundi ya gorila hayana budi kuzoeshwa watu, kazi inayochukua miaka miwili hivi ya kuwafuata kila siku mpaka waache kukimbia. Faida yake ilikuwa fedha. Hasara yake haikuonekana mara moja: gorila aliyeacha kumwogopa mtalii huacha pia kumwogopa mkulima, na njia ya kuingia migombani humfungukia.

Mwaka 1996 gorila wa kundi moja la Bwindi walianza kupukutika manyoya na kujikuna mpaka ngozi ikatoka vidonda. Daktari wa wanyamapori aliyeitwa alikuwa Gladys Kalema-Zikusoka, kijana wa Kampala aliyekuwa amehitimu London muda mfupi uliopita na ndiye aliyekuwa daktari wa kwanza wa mifugo kuajiriwa na mamlaka ya hifadhi za Uganda. Ugonjwa ulikuwa upele, huu huu wa binadamu. Mtoto mmoja wa gorila alikufa, wengine wakapona baada ya kutibiwa kwa dawa ya ivermectin. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye sanamu za vijiti zilizovikwa nguo kuukuu, ambazo wakulima walizisimamisha mashambani kuwatisha wanyama. Gorila walizigusa nguo hizo, na wenye nguo walikuwa watu wasio na zahanati karibu wala maji ya kutosha.

Kutokana na tukio hilo daktari huyo alifikia uamuzi ambao haukuwa wa kawaida kwa mtu wa fani yake: hawezi kumtibu gorila na kumwacha mwanadamu wa jirani akiugua. Mwaka 2003 yeye na wenzake wakaanzisha shirika liitwalo Conservation Through Public Health, kwa kifupi CTPH. Shirika hilo likajenga mtandao wa wanakijiji wa kujitolea, wanaume kwa wanawake, wanaopita nyumba kwa nyumba. Mwaka 2021 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira UNEP, ulimtunukia Kalema-Zikusoka heshima ya Bingwa wa Dunia. Lakini daktari mmoja hawezi kufika katika kila boma, na kazi ya kila siku ilibaki mikononi mwa wanakijiji hao.

Kazi yenyewe ilivyo

Kuna makundi mawili ya watu wa kujitolea huko Bwindi, na si vyema kuyachanganya.

Kundi la kwanza, linalojulikana kwa kifupi cha HUGO na ambalo siku hizi huitwa pia walinzi wa gorila, lilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Ni wakulima waliofunzwa kuwarudisha gorila msituni. Gorila akiingia shambani hafuati ndizi kama wengi wanavyodhani. Hupasua mgomba na kula moyo wake laini. Kwa hiyo hasara yake ni kubwa kuliko ya tumbili, kwa sababu tumbili hula tunda na gorila huangusha mti. Walinzi hujipanga mstari, husogea polepole, hupiga kelele za kiasi, nao huwaachia wanyama njia iliyo wazi upande wa msitu. Anayewazingira gorila kwa pande zote anatafuta vita. Dume mzee mwenye mgongo wa kijivu akija kwa kishindo, mafunzo ni kutokimbia, kuinama, na kutomkazia macho. Hayo ni rahisi kuyaandika mezani. Mbele ya mnyama anayeweza kuzidi kilo 150 ni jambo jingine kabisa.

Kundi la pili ni la wahudumu wa afya na uhifadhi wa vijiji, walioanza mwaka 2007. Hawa hutembelea kaya za jirani na kuzungumza juu ya choo cha shimo, kibuyu chirizi cha kunawia mikono, kichanja cha kukaushia vyombo, uzazi wa mpango na dalili za kifua kikuu. Katika mazungumzo hayo hayo huuliza kama gorila wameonekana karibu na nyumba na kama walionekana wakikohoa au wakijikuna. Mtu asiyejua historia ya mwaka 1996 angeona maswali hayo hayahusiani. Kinachoyaunganisha ni kwamba zaidi ya asilimia 98 ya chembe za urithi za gorila ni sawa na zetu, na mafua yanayomlaza mtoto siku mbili yanaweza kumwua gorila. Ndiyo sababu mtalii hutakiwa kukaa mbali naye, zamani mita 7 na tangu janga la UVIKO-19 mita 10, tena akiwa amevaa barakoa.

Matokeo ya juhudi za nchi zote tatu yanaonekana katika hesabu. Gorila wa milimani wamebaki katika misitu miwili tu duniani: safu ya Virunga, tunayoshirikiana na Uganda na Kongo, na Bwindi pamoja na Sarambwe iliyo upande wa Kongo. Sensa ya Virunga ya mwaka 2015 na 2016 ilihesabu 604. Ile ya Bwindi na Sarambwe ya mwaka 2018 ilihesabu 459. Jumla ni 1,063. Novemba 2018 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliwatoa katika daraja la wanyama walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka na kuwaweka katika daraja la walio hatarini. Ni miongoni mwa wachache sana katika jamii ya nyani wakubwa ambao idadi yao inaongezeka.

Malipo yasiyo ya fedha

Neno lenyewe, kujitolea, lina maana ya kujitoa nafsi, na katika masikio ya Mswahili lina harufu ya sadaka. Lakini wanakijiji wa Bwindi si matajiri wanaotoa kilichozidi. Siku ya kazi ya kujitolea ni siku isiyolimwa. Kwa hiyo kuwapo kwao miaka kumi au kumi na mitano katika kazi hiyo kunahitaji maelezo, na maelezo hayo hayawezi kuwa huruma peke yake.

Faida iliyo wazi kuliko zote ni ya kiafya, na huanzia nyumbani kwa mhudumu mwenyewe. Hawezi kumfundisha jirani kujenga choo naye hana. Kabla hajaanza kupita kwa wengine, kwake kuna choo, maji ya kunawa, na kichanja. Mtoto wake anaharisha mara chache zaidi. Mke au mume wake anajua dawa za uzazi wa mpango zinapatikana wapi. Elimu ambayo wengine huipata kwa kutembelewa mara moja kwa mwezi, yeye anaishi nayo.

Ya pili ni chama. Wahudumu hawa wamejiunga katika vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, vile ambavyo sisi huku tunaviita ibimina, na vikundi vingine vimepewa mifugo ya kufuga kwa pamoja ili kipato chake kigawanywe au kikopeshwe. Wataalamu wa maendeleo huandika kwamba jambo hili ndilo linalowafanya watu wasiache. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ni busara kubwa: haikuwalipa mshahara ambao ungekatika siku mfadhili akiondoka, wala haikuwaacha mikono mitupu. Mbuzi huzaa hata mradi ukifungwa.

Ya tatu ni vigumu kuipima. Mtu anayepita katika kila nyumba hujulikana. Huitwa penye ugomvi, penye msiba na penye mgonjwa. Mwanamke ambaye zamani hakusemwa ila kwa jina la mumewe hupata kusimama mbele ya mkutano wa kijiji na daftari lake mkononi, akisoma idadi ya kaya alizozitembelea. Heshima ya namna hiyo hainunuliwi sokoni, na wanaoijua thamani yake ni wale walioishi bila ya kuwa nayo.

Hatimaye kuna ujuzi. Mlinzi wa gorila anajifunza kuwatambua wanyama kwa alama za pua, ambazo hutofautiana kama alama za vidole vyetu. Anajifunza kuandika taarifa, kusoma nyayo, kutambua kinyesi cha mnyama mgonjwa. Vijana wenye ujuzi huo huwa katika nafasi nzuri zaidi hifadhi inapotafuta wapagazi, waongozaji wa watalii au askari. Haina maana kwamba kazi imeahidiwa. Anayejitolea kwa kutegemea ajira peke yake mara nyingi huvunjika moyo.

Utafiti unasema nini

Madai kwamba kujitolea kunarefusha maisha husambaa sana mitandaoni, na mengi yametiwa chumvi. Utafiti mmoja unaostahili kutajwa ulichapishwa Marekani mwaka 2020. Watafiti waliwafuatilia watu wapatao 13,000 wenye umri wa zaidi ya miaka 50. Waliojitolea kwa saa 100 au zaidi kwa mwaka, yaani kama saa mbili kwa wiki, walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kufa katika miaka iliyofuata na wa kupungukiwa na nguvu za mwili. Walikuwa pia na matumaini zaidi, na walihisi upweke kwa kiasi kidogo kuliko wasiojitolea.

Utafiti huo huo, hata hivyo, haukuona tofauti katika kisukari, shinikizo la damu, kiharusi, saratani wala maradhi ya moyo. Sehemu hii ya pili mara nyingi huachwa. Tena tafiti za aina hii hazithibitishi kwamba kujitolea ndicho chanzo. Yawezekana mwenye afya njema ndiye mwenye nguvu za kwenda kujitolea. Na wahusika wake walikuwa wazee wa Marekani, si wakulima wa milimani. Tunachoweza kusema bila ya kupotosha ni kwamba kuwa na jambo la kufanya kwa ajili ya mwingine, pamoja na watu wengine, kwa kawaida huambatana na nafuu ya moyo. Wanyarwanda hawahitaji utafiti kulijua hilo. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, baada ya umuganda, watu hubaki wamesimama wakizungumza muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

Mwaka ambao utalii ulikatika

Machi 2020 hifadhi zenye nyani wakubwa zilifungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Fedha za watalii zilikauka kwa siku moja. Waongozaji, wapagazi, wapishi wa hoteli na wachonga vinyago walirudi mashambani, na wengine hawakuwa na shamba. Ujangili uliongezeka nchini Uganda hata matukio yaliyoripotiwa katika miezi hiyo yakazidi maradufu yale ya kipindi kama hicho mwaka uliotangulia.

Tarehe 1 Juni mwaka huo dume mkuu wa kundi la Nkuringo, aliyepewa jina la Rafiki, hakuonekana. Siku iliyofuata mzoga wake ulipatikana ukiwa na jeraha la kitu chenye ncha kali. Kundi lake lilikuwa na gorila 17, na lilikuwa mojawapo ya yale yanayotoka nje ya hifadhi mara kwa mara. Mtuhumiwa alisema aliingia msituni kuwinda wanyama wadogo, akakutana na gorila huyo, akamchoma mkuki kujihami. Mwezi Julai mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 11.

Hukumu hiyo ilishangiliwa na wapenzi wa wanyama duniani kote. Vijijini, swali lililoulizwa lilikuwa tofauti: mtu aliyeingia porini kutafuta kitoweo katika mwaka wa njaa, alikuwa na nini kingine cha kufanya? Mwandishi hamtetei jangili. Lakini anayejitolea kuwalinda gorila na anayewawindia wanyama ni majirani, huenda hata ni ndugu, na tofauti kati yao mara nyingi ni mbuzi wawili na mkopo mdogo wa chama. Mwaka ule CTPH iligawa mbegu na miche ya mazao yanayokomaa upesi kwa kaya zilizokuwa na shida, na ilikuwa hatua iliyofaa kuliko mabango mengi ya kuonya.

Kuna kundi jingine ambalo hadithi ya kujitolea huwa chungu kwake. Batwa waliishi ndani ya msitu wa Bwindi vizazi na vizazi kabla ya kuondolewa hifadhi ilipotangazwa mwaka 1991. Kumwomba mtu ailinde bure nyumba aliyotolewa ni ombi zito. Asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi hurudishwa kwa jamii zinazoizunguka, pamoja na dola 10 kutoka katika kila kibali cha gorila, ambacho kwa mgeni wa nje ni dola 800. Mlinganisho wa tarakimu hizo mbili unajieleza, na wanaojitolea wanaujua vizuri.

Wanaolipa ili wajitolee

Upande mwingine wa jambo hili uko katika Ziwa Victoria. Kisiwa cha Ngamba, kilomita 23 hivi kutoka Entebbe, ni makazi ya sokwe 50 hivi walionusurika biashara ya nyama ya porini na ya kufuga wanyamapori majumbani. Kilifunguliwa mwaka 1998. Hapo mtu kutoka Ulaya au Marekani hulipa ada ili akate matunda, asafishe mabanda na kuandika mienendo ya sokwe. Anayetaka kuwakaribia huonyesha vyeti vya chanjo na majibu ya kipimo cha kifua kikuu, kwa sababu ile ile ya upele wa Bwindi.

Wako wanaowacheka wageni hao. Si haki kuwacheka moja kwa moja, kwa kuwa ada zao hununua chakula cha sokwe, na sokwe anaweza kuishi zaidi ya miaka 40 akiwa hawezi tena kurudishwa porini. Lakini si kila mahali panapojiita kituo cha kuokoa wanyama ni cha kweli. Dalili ya kwanza ya kutilia shaka ni picha za wageni wamewapakata watoto wa wanyama. Mtoto wa sokwe aliyezoea kupakatwa na mgeni mpya kila wiki hafundishwi kuwa sokwe, na anayempakata anaweza kumwambukiza au kuambukizwa. Kituo cha kweli humpa mgeni fagio kwanza.

Tanzania ilitoa mfano mwingine, usiotaka fedha. Mwaka 1991 wanafunzi 12 wa shule za sekondari walikutana kwenye baraza ya nyumba ya Jane Goodall jijini Dar es Salaam, wakieleza mambo yaliyowasumbua: uvuvi wa baruti, ujangili, mateso ya wanyama sokoni. Goodall, aliyekuwa akiwachunguza sokwe wa Gombe tangu mwaka 1960, aliwaambia waanze wao wenyewe. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa mpango wa vijana uitwao Roots & Shoots, ambao umeenea katika nchi nyingi. Goodall alifariki Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91, katikati ya ziara ya mihadhara. Katika mpango huo kila kikundi huchagua kazi tatu: moja kwa ajili ya watu, moja kwa ajili ya wanyama, moja kwa ajili ya mazingira. Mwalimu wa shule hahitaji kibali cha mtu mwingine kuanza, na huko ndiko nguvu yake iliko.

Mnyama aliye karibu zaidi

Si kila mtu atafika Bwindi. Mnyama ambaye wengi wetu tungeweza kumhudumia ni mbwa wa mtaani, naye ndiye tunayemrushia jiwe. Kichaa cha mbwa bado kinaua katika nchi zote za ukanda huu, na katika visa vya binadamu, 99 kwa kila 100 hutokana na mbwa. Chanjo ya mbwa ndiyo kinga ya watu: mahali ambapo asilimia 70 ya mbwa wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kampeni hizo, zinazofanyika sana karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, huhitaji watu wa kushika kamba, kuandika majina ya wenye mbwa na kuwatuliza watoto. Ni kazi ya asubuhi moja, na mtoto anayeleta mbwa wake kwa kamba akiondoka na cheti mkononi hutembea kama mtu mzima.

Tunajua kwamba miongoni mwa wasikilizaji wetu Waislamu wako wanaoepuka mbwa kwa ajili ya twahara. Hilo lisiwe kizuizi. Anayeandika orodha hamgusi mnyama, na anayemshika huvaa glavu. Na ni katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari ndipo tunaposoma habari za mtu aliyesamehewa kwa sababu ya kuteremka kisimani na kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Mashekhe wetu huisimulia mara nyingi. Utekelezaji wake ni nadra zaidi.

Kwa anayekusudia kuanza

Kabla ya kujiandikisha popote, ni vyema kuuliza nani atamgharimia matibabu mtu wa kujitolea akiumwa au akijeruhiwa, na kupata jibu kwa maandishi. Wengi huona haya kuuliza, wakidhani swali hilo ni la mtu mroho. Kung'atwa, kukwaruzwa na kuteleza mlimani ni ajali za kawaida za kazi hii. Jeraha lolote la kung'atwa na mbwa lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha mtu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo. Dalili za kichaa zikishaonekana, hakuna tiba.

Mtu aulize pia kazi ni ya muda gani. Wanyama, na hasa waliofiwa na mama zao, huumia wanapozoea sura kisha ikatoweka, na vituo vizuri hupendelea mtu wa saa mbili kila wiki kwa mwaka mzima kuliko mtu wa wiki mbili za shauku. Mwenye mafua au kikohozi abaki nyumbani, tena aseme kwa nini amebaki. Na asiyeweza kukaa kimya kwa saa nzima akimtazama mnyama bila ya kupiga picha, atafute kwanza kazi ya ofisini katika shirika hilo. Iko nyingi, na mara zote haina mtu.

Raia wa Rwanda wanaokwenda Uganda huruhusiwa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Njia ya kwenda Nkuringo hupita Musanze na mpaka wa Cyanika hadi Kisoro, na kutoka hapo barabara ni ya milima na ya vumbi, au ya matope, kutegemea mwezi.